Bunduki na Pumzi Yake

Mfugaji mwenye busara hanunui ng'ombe kwa kutazama umbo la pembe zake. Kwanza huuliza malisho yako wapi, maji yako umbali gani, na ni nani atakayeamka alfajiri kumkama. Akishapata majibu ya maswali hayo ndipo huingia mnadani. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, aingiapo katika duka la bunduki za upepo, aghalabu huisahau hekima ya zizini. Huvutiwa na kitako cha mti kilichong'arishwa, huupapasa mtutu, huiinua bunduki begani na kuchungulia katika darubini, kisha hutoa fedha. Siku ya tatu, hewa iliyokuwamo ikiwa imekwisha, ndipo hujiuliza swali ambalo lilistahili kuwa la kwanza: pumzi nyingine itatoka wapi?

Bunduki ya upepo, kama jina lake linavyodokeza, haina baruti. Kinachoisukuma risasi ni hewa iliyobanwa mahali padogo kisha ikafunguliwa njia kwa ghafula. Baruti hununuliwa ikiwa imekwisha kufungwa ndani ya ganda la risasi. Mpigaji hubeba nguvu zake mfukoni bila ya kuzifikiria. Mwenye bunduki ya upepo hana bahati hiyo. Hewa imejaa kila mahali wala haiuzwi, lakini hewa ya bure haina nguvu. Ni sharti ibanwe, na kuibana ni kazi, na kazi hiyo lazima ifanywe na mtu au na mashine. Kwa hiyo anayechagua bunduki ya namna hii huwa anachagua vitu viwili kwa wakati mmoja: chombo cha kupigia na njia ya kukijaza. Akichagua kimoja tu, cha pili kitamchagulia mwenyewe, na huenda kisimchagulie vyema.

Historia ina shahidi mzuri wa jambo hili. Mnamo mwaka 1780 hivi, jeshi la Austria lilianza kutumia bunduki ya upepo iliyobuniwa na Bartolomeo Girandoni, fundi mwenye asili ya Tyrol. Kwa zama zake ilikuwa silaha ya kustaajabisha. Askari wa kawaida wa wakati huo alimimina baruti mtutuni, akashindilia risasi kwa ufito, akafyatua mara moja, kisha akaanza upya akiwa amesimama wima mbele ya adui. Mwenye bunduki ya Girandoni alikuwa na risasi 20 hivi zilizopangwa katika mrija kando ya mtutu, na aliweza kuzipiga moja baada ya nyingine akiwa amelala chini, bila moshi wa kumfichua na bila ya kujali kama mvua inanyesha. Kitako cha bunduki ndicho kilichokuwa tumbo la hewa. Kikiisha nguvu, alikifungua na kukiweka kingine.

Kwa maelezo hayo, msomaji angetarajia kwamba silaha hiyo iliifuta baruti katika uso wa dunia. Sivyo ilivyokuwa. Ilipofika mwaka 1815 ilikuwa imeondolewa katika matumizi ya jeshi. Sababu haikuwa mtutu, wala shabaha, wala wingi wa risasi. Sababu kubwa ilikuwa pampu. Kulijaza tumbo moja kwa pampu ya mkono kulihitaji misukumo ipatayo 1,500. Vizibo vyake vilikuwa vya ngozi, na ngozi ikikauka huvujisha. Tumbo lenyewe lilikuwa la bati la chuma lililounganishwa kwa mikono ya mafundi, na mafundi wa kulitengeneza kwa usalama walikuwa wachache. Askari aliyefunzwa kupiga ilibidi afunzwe pia kutunza, kulainisha na kujaza. Na vita havimngojei mtu amalize kupiga pampu. Bunduki iliyokuwa mbele ya wakati wake ilishindwa na kazi ndogo, ya kuchosha, isiyokuwa na sifa yoyote, inayofanywa nyuma ya mahema.

Hata hivyo, palikuwapo mtu mmoja aliyefaidika na silaha ya upepo kwa kuwa aliitumia kwa kipimo chake. Meriwether Lewis, aliyeongoza pamoja na William Clark msafara wa kuvuka Marekani hadi bahari ya Pasifiki kati ya mwaka 1803 na 1806, alibeba bunduki ya upepo. Wataalamu wengi wanaamini kwamba ilikuwa ya aina hii ya Girandoni. Hakuitegemea kwa chakula cha kila siku wala kwa vita. Aliitoa mbele ya mataifa ya wenyeji waliokutana naye njiani, akapiga mara kadhaa bila moto wala moshi, watazamaji wakastaajabu. Kwa kazi hiyo, kujaza mara moja baada ya siku nyingi hakukuwa mzigo. Pampu ile ile iliyolishinda jeshi zima ilitosha kabisa kwa mtu aliyejua anataka nini.

Lakini bunduki hiyo nusura ilete msiba kabla hata safari haijapamba moto. Tarehe 30 Agosti 1803, karibu na Pittsburgh, Lewis aliombwa aionyeshe kwa watu waliokuwa kisiwani katika mto Ohio. Alipiga mara saba kwa ufanisi. Kisha ikashikwa na mtu mwingine asiyeijua, ikafyatuka. Risasi ilipenya kofia ya mwanamke aliyekuwa umbali wa yadi 40 hivi na kumkwaruza kipajini. Mama huyo alianguka, damu ikamtoka, na wote waliokuwapo walidhani amekufa. Baada ya dakika moja alizinduka, na jeraha likaonekana kuwa dogo. Tofauti baina ya kicheko na kilio siku hiyo ilikuwa kama upana wa kidole. Baruti huonekana, hunuka na humwagika. Hewa haina rangi wala harufu. Bunduki iliyojazwa hewa na bunduki tupu hufanana kama pacha, na hili ni jambo ambalo kila mwenye kuijaza sharti alikumbuke.

Zama zimebadilika, ila swali halikubadilika. Leo bunduki za upepo zinazouzwa zinagawika katika makundi makuu matatu, na tofauti zake zote hutokana na chanzo cha pumzi. La kwanza ni bunduki za springi. Mpigaji huvunja mtutu au huvuta wenzo, springi nzito ikakunjwa. Anapobonyeza kifyatulio, springi hujifyatua, husukuma pistoni, na pistoni huibana hewa papo hapo nyuma ya risasi. Bunduki hii haihitaji pampu wala mtungi. Ni maskini jeuri: haombi kwa mtu. Lakini ina kasoro yake. Pistoni inapokwenda mbele na kugonga mwisho, bunduki nzima hutikisika mbele na nyuma kabla risasi haijatoka mtutuni. Mpigaji asiyeishika kwa namna ile ile kila mara ataona risasi zake zikitawanyika. Ni chombo kinachodai mazoezi mengi, na humwaibisha mvivu.

Kundi la pili ni bunduki za kaboni dioksidi, zinazotumia vidonge vya chuma vyenye gramu 12 za gesi iliyogeuzwa kimiminika. Hizi ni nyepesi na rahisi, lakini nguvu zake hufuata hali ya hewa. Katika joto la sentigredi 20, gesi hiyo husukuma kwa nguvu ipatayo mara 57 ya ile ya hewa ituzungukayo. Joto likishuka hadi sufuri, msukumo huo hupungua hadi mara 35 hivi. Mpigaji wa asubuhi ya baridi na mpigaji wa adhuhuri hawashiki bunduki moja, hata kama ni ile ile. Kwa mchezo wa uani hilo si neno. Kwa kazi inayohitaji uhakika, ni neno zito.

Kundi la tatu ni warithi halisi wa Girandoni: bunduki zenye tumbo linalojazwa hewa kabla, likatoa pumzi kidogo kidogo kwa kila risasi. Hazitikisiki, ni sahihi mno, na hata mwanafunzi huweza kupata matokeo mazuri kwa siku chache. Katika michezo ya Olimpiki, ambako shindano la bunduki ya upepo la mita 10 liliingizwa huko Los Angeles mwaka 1984, washindani wa leo hutumia hasa bunduki za namna hii, na alama ya katikati wanayoilenga ina upana wa nusu milimita tu. Wanunuzi wengi hupendelea kundi hili, na ni haki yao. Lakini hapa ndipo pampu inaporudi kudai chake, kwa kuwa tumbo la bunduki ya leo halijazwi kwa nguvu za enzi za Girandoni. Hujazwa kwa kanieneo ya bar 200, na nyingine hufika bar 250 au 300, ambapo bar moja ni takriban msukumo wa hewa ya kawaida juu ya ardhi. Gurudumu la gari dogo lina bar 2 hivi. Kompresa ya fundi wa magurudumu hutoa bar 8 au 10. Basi anayedhani kwamba atapita kwa fundi huyo ajaziwe bunduki yake ni sawa na anayetaka kujaza kisima kwa kijiko.

Chukua, kwa mfano, mkulima mdogo wa kabichi katika jimbo la Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. Ana umri wa miaka sitini na ushei, bega lake la kulia lina maumivu ya muda mrefu, na sungura wanamla. Hasemi hivyo kwa utani. Sungura huingia jioni kutoka vichakani, wakatafuna miche safu kwa safu, na asubuhi mkulima huhesabu vishina. Sheria yenyewe, ile ya wadudu na wanyama waharibifu ya mwaka 1954, inampa mwenye ardhi wajibu wa kuwadhibiti. Sumu haitaki, mtego unamsumbua dhamiri, na bunduki ya baruti karibu na nyumba za majirani ni hatari. Anaamua kununua bunduki ya upepo.

Nchini England na Wales, sheria inamruhusu mtu mzima wa miaka 18 au zaidi kununua bunduki ya upepo bila kibali maadamu nguvu yake haizidi futi-pauni 12, yaani julu 16 hivi. Huko Scotland, tangu mwisho wa mwaka 2016, hata hiyo yahitaji cheti. Kila nchi ina kanuni zake, na msomaji wa Kenya asije akadhani kwamba kwa kuwa ni upepo basi ni mchezo wa watoto. Swali la sheria hutangulia swali la duka. Kwa mkulima wa Lincolnshire, kikomo cha julu 16 kina maana nyingine iliyo nzito zaidi. Nguvu hiyo ni ndogo. Risasi ya milimita 5.5 yenye uzito wa gramu moja hivi hutoka kwa mwendo wa mita 175 hadi 180 kwa sekunde. Haiwezi kumuua sungura kwa kumpata popote. Ni sharti impate kichwani, katika eneo lisilozidi ukubwa wa sarafu, na kwa umbali usiozidi mita 30 au zaidi kidogo. Ikienda kando, mnyama atakimbia na jeraha hadi shimoni mwake akafe kwa siku mbili. Hilo ndilo lililo mizanini. Miche ya kabichi ina bei, lakini mateso ya kiumbe yana bei pia, na hulipwa na dhamiri.

Kwa sababu hiyo bunduki ya springi, ingawa haiombi pumzi kwa mtu, inamtia shaka. Hana nafasi ya mazoezi ya kila siku, na bega lake halitamruhusu kuishika kwa namna moja daima. Anaelekea kwenye kundi la tatu. Muuzaji, naye ana kazi yake ya kuuza, anamwekea mezani bunduki ndefu inayojazwa kwa bar 250, yenye risasi nyingi kwa mjazo mmoja. Mkulima anaigeuzageuza. Kisha, kwa bahati njema, anauliza swali la zizini: "Nitaijaza kwa nini?"

Njia ni tatu. Ya kwanza ni mtungi, kama ule wa wapiga mbizi, ambao hujazwa hewa katika duka la vifaa vya kuzamia au kwa muuzaji wa bunduki mwenye mashine kubwa. Mwenye mtungi hufungua vali polepole, hewa ikahama kutoka penye nyingi kwenda penye chache, na kazi ikaisha kwa dakika moja. Hapa hesabu ndiyo mwalimu. Chukulia tumbo la bunduki lina ujazo wa mililita 200, hujazwa hadi bar 200, na hujazwa tena likishuka hadi 120. Kila mjazo utahitaji bar 80 mara sehemu ya tano ya lita, sawa na lita 16 za hewa ya kawaida. Mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 232 una ziada ya bar 32 tu juu ya ile 200 inayotakiwa. Ziada hiyo ni lita 384, sawa na mijazo 24 kamili. Mtungi wa kisasa wa lita 3 uliojazwa bar 300 una ziada ya bar 100, yaani lita 300, sawa na mijazo 18, na kwa kweli hupungua kidogo kwa kuwa hewa iliyobanwa sana haifuati hesabu nyoofu. Basi mtungi mkongwe mzito waweza kuushinda mdogo wa kisasa. Na ile bunduki ya bar 250 aliyowekewa mezani? Mtungi wa bar 232 hautaijaza kamwe hata siku moja. Msomaji aone jinsi bunduki inayojisifia kanieneo kubwa inavyoweza kuwa mzigo, ilhali ile inayoridhika na kidogo huishi vyema na mtungi wowote.

Mtungi wa lita 12 una uzito unaozidi kilo 14, na duka la kuzamia liko mji mwingine. Tena mtungi una tarehe yake: huko Uingereza hupimwa kwa maji kila baada ya miaka 5, na asiye na muhuri wa kipimo hajaziwi. Mkulima anaupima ule mzigo kwa mkono wake wa kushoto, akafikiria safari za mjini wakati wa mavuno, akatikisa kichwa.

Njia ya pili ni kompresa ndogo ya umeme, ambayo yaweza kutumia hata betri ya gari. Hii humpa mtu uhuru, lakini kwa gharama. Yaweza kuzidi bei ya bunduki yenyewe, hupata joto upesi, hutaka kupumzishwa, na vizibo vyake huchakaa. Fauka ya hayo, ina adui aliyefichika, naye ni maji. Hewa yote ina unyevu. Lita elfu moja za hewa ya siku ya kawaida, ambazo hutosha mtungi wa lita 5 kwa bar 200, huwa na maji yapatayo kijiko kikubwa kimoja. Zikibanwa, maji hayo hayana pa kwenda ila kujitenga na kutulia ndani. Asiyeweka kichujio cha kukausha atakuwa anaijaza bunduki yake kutu.

Njia ya tatu ni pampu ya mkono, mjukuu wa ile ya Girandoni. Inafanana na pampu ya baiskeli, ila ndani yake hewa hubanwa kwa hatua mbili au tatu mfululizo. Ni rahisi kwa bei, haina tarehe ya mwisho, haihitaji safari. Lakini kama kila msukumo unaingiza sehemu ya tano ya lita, basi lita 16 zadai misukumo 80, na ile ya mwishomwisho humtaka mtu alalie mpini kwa uzito wake wote. Kwa bega la mkulima, hiyo ni adhabu. Hapa wengi hukata tamaa na kutia saini ya kompresa.

Kabla ya uamuzi, yafaa kutaja hatari, kwa kuwa zinahusu njia zote. Bar 200 ni nguvu ya takriban kilo 200 juu ya kila sentimita mraba. Eneo la ukucha wa kidole gumba linabeba zaidi ya magunia mawili ya mahindi ya kilo 90. Tumbo lenye ufa, mrija uliochakaa au kiungo kisichokazwa ni bomu lisilo na utambi. Hujazwa polepole, kwa kutazama kipimio, wala haipitishwi alama iliyoandikwa na mtengenezaji. Mafuta ya kawaida hayatiwi, maana hewa ikibanwa ghafula hupata joto, na joto likikutana na mafuta huwaka ndani ya chuma. Na mtungi wa oksijeni wa hospitalini au wa mchomeleaji vyuma usikaribishwe kabisa: oksijeni tupu, mafuta kidogo na kanieneo kubwa vikikutana, mlipuko hauombi ruhusa. Zaidi ya yote, bunduki ambayo tumbo lake lina hewa ihesabiwe daima kuwa ina risasi. Yule mama wa mto Ohio aliponea chupuchupu. Si kila mtu atapewa upana wa kidole.

Sasa mkulima anarudi kwenye hesabu, lakini anaianzia upande mwingine. Haulizi bunduki inameza kiasi gani. Anauliza yeye anatumia kiasi gani. Jioni moja shambani hapigi zaidi ya risasi 20, pamoja na zile chache za kuhakikisha darubini haijasogea. Kila risasi ya julu 16 katika bunduki kama hii hutumia robo lita ya hewa hivi. Risasi 20 ni lita 5. Lita 5 ni misukumo 25. Tena, bunduki hii hupiga sawasawa hadi bar 120, kwa hiyo hakuna amri ya kuijaza mpaka 200. Akiiweka katika bar 170 na kuiacha ishuke hadi 145, halafu akairudisha 170 kila jioni baada ya kazi, hataonja kamwe ile misukumo mizito ya juu. Misukumo 25, kwa mapumziko katikati ili pampu ipoe, ni kazi ambayo bega lake linaiweza. Waswahili walikwisha kulisema jambo hili kabla ya pampu kuzaliwa: haba na haba hujaza kibaba. Kosa la wengi ni kungoja kibaba kiwe kitupu kabisa, kisha wakalia kwamba ni kikubwa.

Basi anachagua bunduki fupi, yenye tumbo dogo, ya milimita 5.5, inayoridhika na kanieneo ya chini, pamoja na pampu ya mkono na mafuta yake maalumu ya silikoni. Si bunduki iliyosifiwa na muuzaji. Ile ndefu inarudishwa ukutani imngojee mtu mwingine, pengine mwanachama wa klabu apigaye risasi 300 kila mwisho wa juma, ambaye misukumo 375 ingemmaliza na ambaye kwake mtungi mkubwa au kompresa si anasa bali ni lazima. Hakuna kati yao aliyepata bunduki bora kuliko mwenziwe. Kila mmoja amepata inayolingana na pumzi yake.

Somo hili si la bunduki pekee. Trekta linalotegemea kipuri kisichopatikana karibu, kompyuta zinazofika shule isiyo na umeme, pampu ya kisima ambayo kijijini hakuna anayejua kubadilisha mpira wake wa kuzibia: hivi vyote ni bunduki za Girandoni. Vilichaguliwa kwa macho, vikaachwa bila pumzi. Atoaye fedha husifiwa siku ya uzinduzi, lakini atakayejaza, kupangusa, kukausha na kukaza viungo hakuulizwa neno. Ilhali yeye ndiye atakayeamua kama chombo kitaishi au kitakuwa pambo la ghalani.

Anayetaka kuchagua vyema, basi, na aanze na kazi yake mwenyewe: anapiga nini, mara ngapi, kwa umbali gani, na mwili wake una nguvu kiasi gani wakati wa jioni. Kisha atafute njia ya kujaza anayoweza kuifuata hata siku ambayo amechoka. Akiisha kupata hayo mawili, bunduki itakayobaki mezani ndiyo yake, hata kama kitako chake hakikung'arishwa.